Swali la Mfanyakazi Lijibiwe Pale Anapouliza

Ndugu wafanyakazi wenzetu wa viwandani na wa mashamba ya chai,

Mwezi Januari 2025 mchango wa pensheni hapa Rwanda ulipanda kutoka asilimia 6 ya mshahara hadi asilimia 12, nusu ikitoka kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri. Imekwisha pangwa kwamba kuanzia mwaka 2027 utapanda tena kila mwaka, mpaka ufikie asilimia 20 mwaka 2030. Kama nyongeza hiyo ni nzito au nyepesi, hilo tutalisema siku nyingine. Leo twauliza jambo moja: mfanyakazi anayekatwa mara mbili ya alivyokuwa akikatwa atajuaje kwamba fedha yake imefika?

Swali hili si la mchezo. Sheria ya pensheni ya mwaka 2015 yataka mtu awe amechangia miaka 15, yaani miezi 180, ndipo alipwe pensheni ya kila mwezi uzeeni. Aliyepungukiwa hulipwa fungu moja tu, basi. Sasa mfikirie mchumaji chai aliyefanya kazi msimu huku na msimu kule, chini ya waajiri watatu, na mmoja wao hakupeleka michango ya miezi minane. Akiligundua jambo hilo mwaka huu, aweza kudai. Akiligundua akiwa na miaka 60, mwajiri yule pengine alikwisha funga milango zamani, na daftari zake zimeliwa na mchwa.

Wakubwa watajibu kwamba habari zote zipo. Kweli zipo. Shirika la hifadhi ya jamii, RSSB, lina hesabu ya michango ya wanachama wake, na tangu mwaka 2015 nchi ina Irembo, ambamo huduma nyingi za serikali hupatikana kwa simu au kompyuta. Irembo maana yake ni lango la nyumbani, na jina hilo ni zuri. Lakini tazameni jinsi watu wanavyolipita lango hilo. Wengi hupitia kwa wakala, yule kijana aliyeketi kibandani na kompyuta yake, kwa sababu wanataka mtu wa kumweleza shida yao kwa maneno yao wenyewe. Hao si wajinga. Binadamu huanza kwa kumwuliza mtu anayemwamini, karatasi huja baadaye. Basi anayepanga huduma ya habari aanzie hapo, asianzie kwenye orodha ya idara zake.

Tena kuna jambo ambalo wapangaji hawalioni: woga. Mtafiti Mmarekani Elfreda Chatman aliandika mwaka 1990 juu ya wafanyakazi wa usafi wa chuo kikuu kimoja huko kwao, na katika maandishi yake ya miaka iliyofuata alieleza jinsi watu wa hali ya chini wanavyoficha shida zao kwa kuwa wanaogopa kudhurika wakizisema. Sisi hatukuhitaji kwenda Marekani kulijua hilo. Nani kati yetu ataingia ofisi ya utumishi, msimamizi amesimama mlangoni, aulize kama mwajiri amepeleka michango? Kesho yake ataitwa mchochezi.

Kwa hiyo hata mkutano wa baada ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hautoshi. Wafaa kwa kutangaza viwango vipya na kueleza sheria. Haufai kwa mtu kusimama mbele ya jirani zake na kuuliza habari za mfuko wake.

Twataka idadi ya miezi iliyokwisha pokewa iandikwe kwenye hati ya mshahara, kila siku ya malipo, bila mfanyakazi kuomba. Miezi, si shilingi wala faranga peke yake, kwani mtu huuliza, "Nimebakiza miezi mingapi?" Asiye na simu ya kisasa apewe jibu lile lile kwa simu ndogo ya vibonye. Ofisa wa pensheni aje karibu na viwanda vya Masoro saa za kubadilishana zamu, akae mahali pasipo jicho la mwajiri. Na maelezo yatolewe kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili pia. Lugha hii ni rasmi tangu mwaka 2017, na Nyamirambo ilisemwa zamani kabla ya hapo, lakini ni matangazo mangapi ya pensheni umeyasoma kwa Kiswahili?

Mwezi huu kila mjumbe wa tawi akusanye maswali ya wenzake juu ya pensheni, bila kutaja majina. Ayaandike kama yalivyoulizwa, asiyanyoshe, asiyatie lugha ya ofisini. Maswali hayo ndiyo tutakayoyaweka mezani.