Msonobari Hauoshwi Mizizi

Ndugu mmoja afanyaye kazi kiwandani mjini Iringa ameniletea swali ambalo sikuweza kulijibu kwa maneno mawili. Nyuma ya nyumba ya marehemu baba yake, huko Mufindi, umejiotea msonobari, au mpaini kama wengi wetu tuuitavyo. Shina lake ni nene kama kidole gumba, na kimo chake hakijafika kiunoni. Nyumba hiyo itabomolewa mwishoni mwa mwaka ujao. Ndugu huyu angependa kuuhamishia mti huo chomboni na kuulea kuwa bonsai, ukae barazani pake watoto wauone. Likizo yake ni mwezi huu wa Julai. Je, aung'oe?

Hapana, ndugu yangu, usiung'oe. Mimi niliwahi kuung'oa wangu wakati wa kiangazi, nikaukung'uta udongo wote na kuiosha mizizi mpaka ikawa safi kama uzi wa dukani. Kwa muda wa majuma sita majani yalibaki mabichi, nami nikajisifu mbele ya jirani. Kumbe mti ulikwisha kufa siku nyingi. Hiyo ndiyo hila ya msonobari: hufa leo, na msiba wake ukatangazwa mwezi ujao.

Kosa langu kubwa lilikuwa kule kuosha. Mizizi ya msonobari huishi kwa ubia na kuvu, ambayo huonekana udongoni kama utando mweupe. Kuvu huupatia mti maji na madini, nao mti huilipa kwa sukari itengenezwayo majanini. Mabwana misitu wa Afrika Mashariki walilijua jambo hili zamani, kwa kuwa miche ya misonobari iliyoletwa kutoka ng'ambo ilikuwa ikidumaa vitaluni mpaka ilipochanganyiwa udongo uliotoka chini ya misonobari iliyokwisha kukua.

Basi tufuate mwendo wa Wajapani. Wao huuacha mche ardhini miaka kadhaa, kwani shina hunenepa upesi zaidi huko kuliko chomboni, kisha huuhamisha hatua kwa hatua. Mvua za Novemba zikianza, chukua sepeto kali, uchore duara kuzunguka shina, umbali wa shubiri moja, ukikata mizizi ya pembeni. Usiunyanyue mti, uache hapo hapo. Katika mwaka mzima utakaofuata, mizizi midogo midogo itachipua karibu na shina, na hiyo ndiyo itakayouokoa siku ya safari.

Novemba ya pili, uchimbe pamoja na bonge lake la udongo, ulifunge kwa gunia bichi. Nyumbani uwe umetengeneza sanduku la mbao lenye matundu mengi chini. Chungu cha fahari kingoje. Pondaponda matofali ya kuchoma au mawe mepesi ya volkeno, kama yale yapatikanayo upande wa Mbeya, uyachekeche na kuitupa vumbi yote, maana vumbi huziba hewa. Ondoa udongo wa zamani upande mmoja tu wa bonge, nusu yake. Nusu ya pili isiguswe mpaka miaka miwili au mitatu ipite. Ufunge mti sandukuni kwa waya ili upepo usiutikise na kuvunja mizizi michanga. Mwagilia mpaka maji yatokayo chini yawe maangavu, kisha uuweke mahali pasipo na upepo mkali wala jua la mchana. Mbolea isubiri mpaka vichipukizi vipya vionekane.

Nakusihi usiyakate majani mwaka huo. Mkuyu ukikatwa huchipua tena. Tawi la msonobari lililonyang'anywa majani yote aghalabu hufa. Na tusemezane kweli: mpaini wa Mufindi, wenye asili ya Meksiko, una majani marefu yanayoning'inia, hivyo hautafanana na picha za Japani. Wala haupendi joto la pwani. Wasomaji wa Dar es Salaam wangefanya vema kujaribu mvinje, ambao Waindonesia huutengenezea bonsai za kupendeza.

Iwapo mwendo huu waonekana mrefu, kuna msonobari huko Washington, katika bustani ya taifa ya miti, uliolelewa chomboni tangu mwaka 1625. Ulinusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945 ukiwa uani kwa ukoo wa Yamaki, nao ukawapa Wamarekani mwaka 1976. Vizazi kadhaa vya ukoo mmoja vimeumwagilia maji.

Jambo moja zaidi, ndugu. Siku utakapokwenda kuuchukua, beba pia debe dogo. Lijaze udongo wa hapo hapo nyuma ya nyumba ya baba, na uchanganye konzi mbili tatu sandukuni.