Mpigaji Mmoja na Ala Nyingi

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Neno hili ni la kweli mahali pake. Mtu hajichimbii kaburi, wala hajibebi jeneza, na shamba la ukoo halimaliziki kwa jembe moja. Lakini methali ina mpaka wake: ilitungwa ili ifundishe, haikutungwa ili ihukumu. Inapopandishwa kwenye kiti cha hakimu yaweza kumwonea mtu asiye na kosa. Ndivyo yalivyo mashaka ya mwanamuziki apigaye peke yake ala zote za kazi yake, akazipanga kwa umbo la simfonia juu ya msingi wa roki, na akayaacha maneno nje ya mlango. Mashitaka juu yake ni matatu. La kwanza, kwamba kazi yake ni hila ya mashine. La pili, kwamba muziki usio na maneno hauna maana. La tatu, kwamba atakaye kuwa mpigaji, kiongozi na okestra kwa wakati mmoja ni mtu wa kiburi. Mashitaka haya yanarudiwa mara nyingi hata yamekuwa kama ukweli. Walakini uwongo uliorudiwa mara mia haupati mguu wa kusimamia. Na dawa yake ni kuita shahidi.

Shahidi aliye bora ni Mike Oldfield, aliyezaliwa Reading, Uingereza, tarehe 15 Mei 1953. Mwaka 1968, alipokuwa kijana mdogo, alitoa santuri ya nyimbo za kienyeji pamoja na dada yake Sally. Baadaye alipiga gitaa la besi katika kundi la Kevin Ayers. Ayers alimwazima mashine ya kunasa sauti yenye njia mbili tu, na kijana akaichukua mpaka chumbani kwake Tottenham, kaskazini ya London. Mashine ya namna ile ina kichwa cha kufuta na kichwa cha kuandika: sauti mpya haiingii mpaka ya zamani imefutwa. Oldfield alikiziba kichwa cha kufuta kwa kipande cha karatasi ngumu. Kwa ufundi huo mdogo sauti mpya ikalala juu ya ile ya kwanza bila ya kuiua, na ya tatu ikalala juu ya pili. Hivyo mtu mmoja chumbani akaanza kuwa wengi.

Alipoupeleka utepe wake kwa makampuni ya santuri, kampuni moja baada ya nyingine ziliukataa. Waliomfungulia mlango ni watu wa studio ya Manor, katika kijiji cha Shipton-on-Cherwell, wilaya ya Oxfordshire. Mwezi wa Novemba 1972 alipewa juma moja, akalitumia kunasa sehemu ya kwanza ya kazi yake. Sehemu ya pili aliinasa katika miezi ya mwanzo ya 1973, kwa saa za kuokoteza, studio ilipokuwa haina mteja. Tarehe 25 Mei 1973, siku kumi baada ya kutimiza miaka 20, santuri ilitoka kwa jina la Tubular Bells, nayo ikawa ya kwanza ya kampuni changa ya Virgin. Ilikuwa na vipande viwili tu, kila kimoja kikijaza upande mzima wa sahani. Habari hizi zatosha kuwa msingi. Sasa mashitaka na yajibiwe moja moja.

Mwenye kusema kuwa hiyo ni hila ya mashine hajafikiri mashine hufanya nini. Mashine hutunza, haitungi. Hainui kidole cha mtu kukiweka juu ya uzi wa gitaa, wala haimwambii piano inyamaze lini ili kinanda kisikike. Zaidi ya hayo, mashine ya siku zile haikuwa mtumwa mtiifu, bali ilikuwa mwalimu mkali. Katika chumba cha Tottenham, sauti iliyokwisha kulala juu ya nyingine haikuweza kuondolewa peke yake. Kosa la tabaka la nne liliharibu na yale matatu ya chini yake. Huko Manor njia zilikuwa 16, na nafasi ikawa pana, lakini mzigo ulibaki ule ule: wapigaji waketio pamoja husahihishana kwa jicho, kwa kichwa na kwa pumzi, mmoja akikimbia, wenzake humvuta. Apigaye peke yake hana wa kumvuta. Hupiga tabaka la kwanza akifuata muziki ambao haupo bado popote ila katika kumbukumbu yake, na akikosea mwendo leo, kesho yeye mwenyewe ndiye atakayelipa. Ikiwa hiyo ni hila, basi ni hila iliyo ngumu kuliko uaminifu wa watu wengi.

Tena wahakiki hawa hawana mizani moja. Mtunga riwaya humsemesha mfalme na mwombaji, mjane na mwizi, wote kwa kalamu moja, na hakuna anayemwambia kwamba angepaswa kuwaita watu wanne wakae mezani pamoja naye. Husifiwa kwamba moyo wake ni mpana. Mchoraji hutia bahari na mbingu kwa mkono ule ule, na hakuna amwitaye mchoyo. Kwa nini mpigaji afungiwe mlango ambao mtunzi wa hadithi na mchoraji hupita bila ya kuulizwa? Jawabu lililopo ni mazoea tu: watu wamezoea kuwaona wapigaji wengi jukwaani, nao wakadhani wingi wa miili ndio muziki.

Shitaka la pili ni la maneno. Husemwa kwamba wimbo bila maneno ni nyumba bila mtu. Aliyesema hivyo na asikilize mwanzo wa Tubular Bells. Kifungu kidogo cha piano kinazunguka na kurudi, lakini hesabu yake imepunguzwa pigo moja, hata sikio linalotazamia kutua linajikuta limekwisha kuondolewa kitini. Kwa sababu hiyo marudio yake hayaletei usingizi. Kila mzunguko ni ule ule na si ule ule. Msikilizaji hukaa macho kama mtu anayepanda ngazi yenye kidato kimoja kifupi. Hakuna neno lililosemwa, na hata hivyo wasiwasi umeingia. Watengenezaji wa filamu ya The Exorcist, iliyotolewa Desemba 1973, waliutambua wasiwasi huo wakauchukua mwanzo ule kwa ajili ya kazi yao. Muziki usio na maana usingeweza kuazimwa ili kuleta maana mahali pengine.

Na mwisho wa sehemu ya kwanza una hoja iliyo bora zaidi. Hapo inasikika sauti ya mtu, Vivian Stanshall, ikizitaja ala moja baada ya moja. Kila itajwapo ala, yenyewe huingia na kuchukua zamu yake juu ya msingi wa besi usiokoma, mpaka zinapofika kengele ndefu za mabomba zilizoipa kazi jina lake. Maneno pekee yaliyo wazi katika sehemu hiyo ni majina ya ala. Ni kama mwenyeji awajulishaye wageni wake mlangoni, kisha akaketi kimya awaache wazungumze. Msikilizaji ambaye hakupata kutofautisha mandolini na gitaa hutoka hapo amefundishwa kusikia. Kazi inayomfundisha mtu kusikia haiwezi kuitwa tupu.

Shitaka la tatu, la kiburi, lahitaji uangalifu zaidi, maana ndani yake mna punje ya kweli. Lakini punje hiyo haimwangukii mpigaji, inawaangukia wasifu wake. Tangu santuri ile ivume, watu wamependa kusimulia kwamba kijana mmoja alifanya yote peke yake, bila ya msaada wa binadamu. Hadithi hiyo ni tamu, na si kweli. Ngoma za sehemu ya pili zilipigwa na Steve Broughton. Filimbi zilipulizwa na Jon Field. Besi kubwa ya nyuzi ilipigwa na Lindsay Cooper. Sally Oldfield na Mundy Ellis walitoa sauti zao. Tom Newman na Simon Heyworth walisimama kwenye mitambo pamoja naye. Majina haya hayakufichwa. Yameandikwa kwenye jalada la santuri yenyewe. Aliyeyaficha si mpigaji, ni msifu. Kumsifu mtu kwa kuwafuta wenzake ni kumwibia mmoja ili kumpamba mwingine, na pambo la wizi halikai mwilini.

Hata baada ya santuri kutoka, mpweke huyu hakuukana umma. Tarehe 25 Juni 1973 kazi ile ilipigwa mbele ya watu katika ukumbi wa Queen Elizabeth Hall, London, nayo ilihitaji jeshi zima la wapigaji kufanya yale ambayo mikono miwili ilikuwa imeyafanya kwa zamu. Mwaka 1975 ilipotoka Ommadawn, ndani yake mlikuwa na zumari ya Kiayalandi ya Paddy Moloney, na ngoma za Jabula, kundi la wanamuziki wa Afrika ya Kusini waliokuwa wakiishi London katika miaka ya ubaguzi. Bila ya ngoma zile mwisho wa sehemu ya kwanza ya Ommadawn usingekuwa na moto ulio nao. Kwa hiyo mtu aliyejua kupiga ala nyingi alijua pia ni lini mkono wake haufai. Hilo silo tendo la mtu mwenye kiburi. Mwenye kiburi hajui mpaka wa uwezo wake. Fundi huujua, na hapo ndipo aombapo msaada.

Haki yataka kusemwa na upande wa pili. Katika miaka ya mwisho ya 1970 walitokea Uingereza vijana wa panki, ambao walizidhihaki kazi ndefu za roki ya simfonia kuwa ni majivuno ya watu waliosahau barabara. Dhihaka yao haikuwa bure. Zilikuwapo kazi zilizovimba bila ya kukua. Zilizoongeza ala pale ambapo wazo lilikuwa limekwisha, kama mpishi anayeongeza maji mchuzi usipotosha wageni. Lakini kosa la hao si urefu, wala si upweke. Kosa ni kudhani kwamba simfonia ni wingi wa sauti. Simfonia ni wazo linalotoka nyumbani, likasafiri, likapatwa na mambo, likarudi likiwa na sura nyingine. Anayebadili ala tu na kuliacha wazo mahali pale pale ni sawa na mtu abadiliye kanzu mbele ya kioo: ana nguo nyingi, safari hana. Kipimo hiki ni cha haki, nacho humpima mmoja na mia kwa mizani moja.

Mabishano haya si ya makumbusho. Mwaka 1973 ilimpasa mtu aazimwe mashine, kisha apewe juma moja la studio ya wengine. Leo kijana mwenye kompyuta chumbani ana njia nyingi kuliko zile za Manor. Hufuta kosa kwa kidole kimoja, na huita sauti ya fidla au ya tarumbeta bila ya kuzigusa. Wapiga peke yao wamekuwa wengi, na wengi wao wanatengeneza muziki wa namna hii hii. Hao wanazungukwa na walimu wawili wabaya. Wa kwanza huwaambia kuwa kazi ya mtu mmoja si muziki, basi wavunje ala zao mpaka wapate kundi. Wa pili huwaambia kuwa upweke ndio kipaji, basi wasimsikilize yeyote. Wa kwanza huua kazi kabla haijazaliwa. Wa pili huizaa kabla ya wakati wake. Madhara ni halisi: kijana wa mji mdogo, asiye na wenzi wa kupiga nao, akimsikia wa kwanza atanyamaza maisha yake yote, na akimsikia wa pili atapiga kelele maisha yake yote.

Mafunzo ya shahidi ni mengine. Urahisi ulipoondoa ukali wa mashine, ukali huo sharti uhamie moyoni mwa mpigaji. Ikiwa kosa halina tena gharama, basi na aliwekee gharama yeye mwenyewe: arudie kwa mkono mpaka liishe, asilifunike kwa kompyuta. Oldfield alipotoa Return to Ommadawn mwezi wa Januari 2017 alikuwa na miaka 63, na vifaa vyote vya kisasa vilikuwa mbele yake; hata hivyo alizipiga ala zake mwenyewe, nyingi kwa nyuzi na kwa vidole, na akarudia umbo la zamani la vipande viwili virefu. Mzee aliyekwisha kupata sifa angeweza kupumzika nyuma ya mashine. Hakupumzika, kwa kuwa alijua sauti hutoka wapi.

Usiku wa tarehe 27 Julai 2012, Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, muziki ule uliozaliwa katika chumba cha Tottenham ulipigwa uwanjani, na mwenyewe akiwapo na gitaa lake, mbele ya taifa lake na dunia. Wauguzi na watoto walicheza kwa mlio wake. Kilichoanzwa na mmoja kikawa cha wote, wala hakuna aliyeuliza kama kilitengenezwa na kundi. Kwa hiyo methali ya wahenga na irudishwe kwenye kazi yake. Ni kweli kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini mpiga gitaa hana kidole kimoja, ana kumi; na kabla ya kumhukumu, mhakiki ana masikio mawili ambayo bado hayajafanya kazi yake.