Ruba huganda, damu haigandi

Mtoto asiyebanduka kwa mama huambiwa ameganda kama ruba. Mgeni asiyeaga naye vilevile. Ruba mwenyewe, wa mabwawani na mitoni, hushika ngozi kwa ncha zote mbili anaponyonya damu.

Akimganda mwanao, usimng'oe ruba kwa nguvu, wala usimtie chumvi au moto: anaweza kutapikia kidondani. Mbandue taratibu kwa ukucha, kwanza ncha nyembamba yenye mdomo, kisha ya pili. Osha kidonda kwa maji na sabuni, kigandamize kwa kitambaa safi. Damu itachelewa kukoma kwa kuwa mate ya ruba huizuia kuganda, usihofu. Isipokoma kabisa, au ruba akiingia puani au kooni, wahi hospitali.