Bwawa la Kuogelea Nyumbani: Raha au Karaha?

Kila mwezi tunakaa hapa kuchambua mambo ya watu, ya kwetu tunayafunika. Leo nafunua.

Mwaka huu mimi na mume wangu tulinuniana siku tisa. Chanzo hakikuwa nyumba ndogo, wala simu ya saa nane za usiku. Chanzo kilikuwa shimo. Shimo la urefu wa mita 8 na upana wa mita 4, lililochimbwa nyuma ya nyumba tunayojenga Katesh, wilayani Hanang, kwao na mwenzangu. Lilikuwa liwe bwawa la kuogelea.

Niwe mkweli, mchawi ni mimi. Kuna toleo letu moja lilikuwa na picha za nyumba za kifahari, na ile ya bwawa la buluu lenye viti pembeni niliichagua mimi mhariri wenu. Maneno ya chini ya picha niliyaandika mimi pia: "Likizo isiyoisha, mlangoni kwako." Baba watoto akaichana kurasa hiyo, akaiweka kwenye faili moja na ramani ya nyumba. Mimi nikacheka, nikadhani utani. Mwezi Juni tunafika Katesh na watoto, nakuta vijana wameshamaliza kuchimba.

Wanaopajua huko Juni wananielewa. Ni kipupwe. Upepo unashuka kutoka Mlima Hanang, mlima wenye zaidi ya mita 3,400, unakuingia mpaka kwenye mifupa. Mimi mwenyewe ni Mbulu wa Kainam, kule ukungu unaamka kabla ya watu, kwa hiyo baridi naijua. Nimesimama pale na sweta mbili nikiangalia shimo la kuogelea, nikajiuliza: nani huyo ataingia?

Nikamwambia mwenzangu palepale, mbele ya fundi, kosa langu la pili: "Hivi wewe, bwawa la kuogelea Katesh?"

Hakujibu mpaka usiku. Akasema, "Kwa hiyo Masaki sawa, Katesh hapana? Mimi nimekua nikiswaga punda wa maji alfajiri kabla ya kwenda shule. Leo nikitaka wanangu wapate maji ya kuchezea kwetu, mke wangu ananicheka mbele ya fundi."

Jamani, nilikosa la kusema. Mimi niliona anaiga mambo ya magazetini. Kumbe mwenzangu alikuwa anadai deni la utotoni. Tatizo ni kwamba alikuwa na haki ya kudai, na mimi bado niliona bwawa si jibu. Hapo ndipo kununiana kulipoanza.

Siku ya tatu mama mkwe akaniita jikoni. Akaniambia kwa furaha, "Mama, Mungu awabariki. Mwanangu kanichimbia tangi." Alishawaambia na majirani. Alikuwa anajua lile shimo ni la kuvunia maji ya mvua, na mwanawe alikuwa hajapata moyo wa kumwambia ni la kupigia mbizi. Nikanywa chai yangu kimya. Usiku ule nikachukua kalamu na simu yenye kikokotoo, nikapiga hesabu. Naziweka hapa kama nilivyozipiga, maana najua wengi wenu mna ramani zenye bwawa ndani ya droo.

Maji ya kujazia. Mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, ni mita za ujazo 48. Hizo ni lita 48,000, yaani madumu 2,400 ya lita 20. Mama mkwe na waliopo nyumbani wanatumia madumu kumi kwa siku. Bwawa moja ni maji yao ya miezi minane. Kujaza kwa boza ni safari baada ya safari, na bomba la kijiji si la kujazia mabwawa.

Maji yanayopotea. Bwawa lisilofunikwa linanywewa na jua na upepo. Likipungua milimita 5 tu kwa siku, kwa ukubwa ule ni lita 160, madumu manane. Yaani jua lingekunywa karibu sawa na mama mkwe, kila siku, bila kuosha hata kikombe.

Umeme. Maji yasipozunguka yanaota ukijani. Pampu ya robo tatu ya kilowati ikifanya kazi saa 8 inakula yuniti 6 kwa siku, yuniti 180 kwa mwezi. Na ukitaka kupasha yale maji ya Juni yapande nyuzi joto 10 tu kwa hita ya kawaida, ni yuniti zaidi ya 550 kwa mara moja. Usiku mmoja wa baridi unakurudisha nyuma tena. Nenda kaangalie Luku yako, halafu urudi tuongee.

Dawa. Klorini inatakiwa ibaki kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na jua linaila. Uchachu wa maji unapimwa, unatakiwa uwe kati ya 7.2 na 7.8. Kichujio kinasafishwa, majani yanaokotwa, kuta zinasuguliwa. Hiyo si kazi ya mara moja kwa mwezi. Ni kama kufuga ng'ombe wa maziwa, hata Krismasi anataka kukamuliwa. Na sisi tunaishi Dar es Salaam. Katesh tunakwenda Desemba, wakati wa mvua, na Juni, wakati wa baridi. Ukijumlisha ni wiki nne kwa mwaka.

Usalama. Hili ndilo lililonitoa usingizi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi. Nyumba ya bibi ni nyumba ya wajukuu, watoto wa majirani na ndama wa kupotea. Bwawa bila uzio wa kumzidi mtoto kimo na lango linalojifunga lenyewe ni mtego. Na sisi tungekuwa umbali wa siku nzima ya basi.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa Katesh haliweki kwenye hesabu, lakini analo. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima iliyolowa mvua ilimeguka, matope, mawe na magogo yakashuka mpaka mjini. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Kiwanja chetu hakikuguswa. Lakini tangu siku ile, mtu yeyote anayechimba au kujenga chini ya mlima ule anaulizwa swali moja na wazee: maji yakija mengi, umeyapangia njia gani? Fundi wetu alikuwa na jibu la maji ya kuingia. La kutoka hakuwa nalo.

Siku ya tisa ya kununiana nikamwekea mume wangu karatasi mezani. Sikumwambia "nilikuambia". Nilianza na samahani ya kumwaibisha mbele ya fundi. Kisha nikamwambia, "Mama anadhani ni tangi."

Akanyamaza sana. Akasema, "Najua. Ndiyo maana silali."

Basi tukageuza karatasi upande wa pili, tukapiga hesabu nyingine pamoja. Hii ndiyo nataka muikate muitunze. Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Bati letu lina mita za mraba 150. Tukachukua mvua ya milimita 500 tu kwa mwaka, makusudi ya kutojipendelea. Ni lita 75,000. Ukitoa asilimia 20 ya kumwagika na kupotea, zinabaki lita 60,000. Lile shimo la lita 48,000 linajaa na kufurika, bila boza, bila kumsumbua mtu. Kiangazi cha Juni mpaka Oktoba ni siku kama 150. Mama mkwe kwa madumu yake kumi anamaliza 1,500. Yanabaki madumu 900, na majirani wa kuyapokea wapo.

Kuna faida nyingine ambayo sisi wa Manyara na Arusha tunaibeba kinywani. Maji ya visima vingi vya kaskazini yana madini ya floraidi, ndiyo yanayoyapa meno rangi ya kahawia tangu utotoni, na yakizidi sana yanaumiza mifupa. Kuchemsha hakuyaondoi. Maji ya mvua karibu hayana kabisa. Haya unayachemsha kwa ajili ya vijidudu, basi. Kwa wanangu, hilo peke yake linashinda viti vya pembeni ya bwawa.

Lakini msidhani kugeuza ni bure. Kuta zimewekwa nondo na plasta ya kuzuia maji, juu ukamwagwa mfuniko wa zege. Ukawekwa mdomo wenye kifuniko cha kufunga kwa kufuli. Mifereji ya bati imewekwa wavu, na bomba la kumwaga mvua ya kwanza inayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Kuna njia ya kufurikia inayopeleka maji shambani, mbali na msingi wa nyumba. Fedha ya vigae vya buluu na ya mashine ikaishia huko, na ya sebule kidogo. Kochi nililokuwa nimelichagua litasubiri.

Na baba watoto je? Sitawadanganya kwamba alifurahi siku hiyohiyo. Alikwenda kusimama pale shimoni peke yake muda mrefu. Mtu akizika ndoto yake muache amalize matanga. Tulichokubaliana ni hiki: kila Juni tukitoka Katesh tunapitia Karatu au Arusha, tunalipa kiingilio kwenye bwawa la hoteli, watoto wanaogelea na baba yao mpaka vidole vinakunjamana. Klorini ni ya mwenye hoteli, pampu ni ya mwenye hoteli.

Sasa, sisemi bwawa la nyumbani ni ujinga. Kama unaishi kwenye joto, maji yako ni ya uhakika, mko nyumbani mwaka mzima na mnaogelea kila wiki, au una nyumba ya wageni na bwawa linaleta mteja, chimba mwenzangu, ule raha. Lakini kabla fundi hajashika sururu, kaeni chini wawili mjibu haya:

Tutaogelea siku ngapi kwa mwaka, kwa ukweli wa Mungu?

Maji ya kujazia na ya kuongezea kila wiki yanatoka wapi, na nani mwingine anayategemea?

Gharama ya umeme, dawa na mtu wa kulitunza ikiwekwa pamoja kwa mwezi, inatoka kwenye mshahara wa nani?

Mtoto akiponyoka dakika mbili, kuna nini kati yake na maji?

Na la mwisho, ambalo mimi nilichelewa kuuliza: mwenzako anapodai bwawa, anadai nini hasa? Mume wangu hakuwa anadai maji ya kuogelea. Alikuwa anataka punda yule wa alfajiri apumzike. Ningeuliza mapema, tungeokoa siku tisa na heshima ya mtu mbele ya fundi.

Wiki iliyopita mama mkwe kapiga simu. Mvua za kwanza zimeanguka. Alitaka tu tusikie. Akaipeleka simu kwenye mdomo wa tangi, tukasikia maji yanavyoingia. Mwenzangu akaweka simu kwenye spika, akaniita, "Mama watoto, njoo usikie bwawa lako."

Hilo neno "lako" nimelipokea, yakaisha.

Na ile kurasa ya picha? Iko bado kwenye faili. Sijaitupa, na yeye hajaitupa. Tukutane mwezi ujao, wapendanao. Msinuniane.