Hasira inahitaji kupozwa

Zuzu, kata ya Jiji la Dodoma, Watanzania wengi wanaijua kwa kituo chake cha kupoza umeme. Njia kuu ya umeme inayotoka Iringa kwenda Shinyanga kupitia Dodoma na Singida, kilomita 670, ilijengwa ibebe kilovolti 400. Umeme wa nguvu hiyo ukiingia ndani ya nyumba hauwashi taa, unaiunguza. Nyumba inataka volti 230 tu. Kwa hiyo umeme hupozwa hatua kwa hatua, kituo hadi kituo, mpaka kwenye transfoma ya mtaani. Lakini hauzimwi, maana ukizimwa watu watalala gizani.

Hisia nazo zinahitaji kituo cha namna hiyo, na binadamu amezaliwa nacho.

Ndani ya ubongo, kulia na kushoto, kipo kiungo kiitwacho amigdala, ambacho umbo lake linafanana na punje ya lozi. Kazi yake mojawapo ni kupiga mbiu ya hatari. Iwe ni nyoka njiani au deni linalodaiwa mbele za watu, amigdala huitikia kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kufikiri: moyo unadunda, misuli inakaza, adrenalini inamwagika kwenye damu. Anayepoza ni mwingine, sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Hiyo ndiyo inayopima kama hatari ni ya kweli na jibu liweje. Nayo huchelewa kukomaa, mpaka mtu anapokaribia miaka 25.

Uwezo wa kuzitambua hisia, zako na za mwenzako, na kuzitumia vizuri, wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer waliuita akili hisia mwaka 1990. Kwa bahati njema uwezo huo unafundishika, na somo lake la kwanza halina gharama. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu huku wakipima ubongo wao. Mtu alipochagua neno la kuitaja hisia aliyoiona, amigdala ilitulia na sehemu ya mbele ikaamka. Alipochagua jina tu la kumpa mwenye uso ule, haikutulia kiasi hicho.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hayo. Wivu si kijicho, na hamaki inayopita kwa dakika moja si kinyongo kinacholala na mtu miezi. Kuna soni, kuna fedheha, kuna simanzi, kuna unyonge. Hazina hiyo imelala, kwa sababu neno ambalo mtoto husikia zaidi anapoumia ni moja: nyamaza.

Chukua mtoto wa kiume anayerudi jioni kutoka machungani, mbuzi mmoja hayupo. Anasimama kwenye mlango wa zizi, midomo inatetemeka. Baba naye ana hofu, maana mbuzi ni ada ya shule na ni chakula mvua ikikata. Lakini hofu ile inatoka kama hasira, na hasira inatoka kama fimbo. Kilovolti 400 zimeingia ndani.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotolewa 2011, ulionyesha kuwa karibu vijana watatu kati ya wanne wa Tanzania walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwilini kabla ya kufikisha miaka 18. Shuleni, kanuni za mwaka 2002 zinataka fimbo zisizidi nne, zitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kanuni hizo, zikifuatwa, zinampa mwalimu muda wa kupoa. Zinavunjwa mara nyingi mno.

Kikwazo kingine kimo midomoni mwa watu. Dodoma ina Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, inayohudumia wagonjwa tangu miaka ya 1920. Hata hivyo jina lake limegeuzwa tusi: anayelia hadharani huambiwa apelekwe Mirembe. Anayeogopa tusi hilo hatasema kinachomsumbua mpaka kimemzidi.

Vyuo vya ualimu vinapaswa kumfundisha mwalimu kuitambua hasira yake kabla ya kumfundisha kuandaa somo, na shule za msingi ziwape watoto maneno ya hisia mapema kama wanavyopewa tarakimu. Nyumbani hakuna haja ya kusubiri mtaala. Baba yule wa zizini anaweza kuvuta pumzi na kusema, "Mwanangu, nimeshtuka, naogopa tumempoteza mbuzi. Na wewe unaogopa?" Mtoto akiitikia, atakumbuka vizuri zaidi ni wapi alimwona mara ya mwisho, na alfajiri watakwenda wote wawili kumtafuta.