Usitie Sahihi Konje Ambayo Hukuipata

Ndugu wa Katuba, hapa Lubumbashi, hasa ninyi mnaofanya kazi kwa makampuni madogo yanayohudumia migodi, kwenye maghala, madukani na katika ulinzi: mwisho wa mwaka ndio msimu wa karatasi za likizo. Kabla hujashika kalamu, soma hapa.

Karatasi yenyewe huwa ndogo. Huletwa siku ya mshahara, watu wamepanga foleni na kila mmoja ana haraka ya kufika soko la komini ya Kenya. Imeandikwa Kifaransa: mimi fulani nakiri kwamba nimepata konje (likizo) yangu yote ya mwaka. Nafasi za tarehe ya kuondoka na ya kurudi ziko tupu. Chini, mahali pa sahihi. Ukitia, nafasi hizo zinaweza kujazwa wewe haupo, na siku ya kudai haki yako utaonyeshwa mkono wako mwenyewe.

Likizo si zawadi ya patroni. Kanuni ya Kazi ya Kongo, Sheria Na. 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mfanyakazi angalau siku 1 ya likizo kwa kila mwezi kamili wa kazi. Aliye chini ya miaka 18 anapata siku moja na nusu. Kila miaka 5 kwa mwajiri yuleyule huongeza siku 1. Kwa hiyo aliyetimiza miaka 6 ana siku 13 kwa mwaka, na Jumapili haihesabiwi. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Tena, likizo haiuzwi: fedha badala ya mapumziko hulipwa mkataba unapovunjika, si wakati mtu bado yuko kazini.

Kibarua wa kutwa huambiwa: «Wewe huna kontra, konje ya nini?» Asikubali. Ukishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha ukachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inakuhesabu kuwa na mkataba usio na mwisho. Miezi yako ya kupatia likizo inaanza kuhesabika kama ya wengine.

Angalieni pia siku za kilio. Ukifiwa na mume, mke, mzazi au mtoto, una ruhusa ya siku 4 za kazi. Zisikatwe kwenye likizo ya mwaka.

Fanyeni hivi tangu leo:

Usiweke sahihi penye nafasi tupu. Omba karatasi uende nayo nyumbani, umtafute mtu anayesoma Kifaransa akufafanulie.

Ukilazimishwa, andika kwa mkono wako juu ya sahihi: «Sijapata likizo hii», na tarehe. Piga picha kwa simu.

Omba likizo kwa barua, ubaki na nakala iliyopokelewa. Tunza buletini zote za malipo, na andika siku za kazi kwenye daftari.

Kama umekwisha kutia sahihi, usikate tamaa. Nenda na delege wa sendika, au peke yako, kwa Mkaguzi wa Kazi hapa Lubumbashi. Yeye ndiye wa kwanza kukupatanisha na mwajiri. Mkishindwa kuelewana, shauri huenda Mahakama ya Kazi. Lakini usichelewe: madai ya mkataba wa kazi hufa baada ya miaka 3, na ya mshahara baada ya mwaka 1 tu.

Msomee tahadhari hii jirani anayeamka usiku kuwahi basi la kazi. Huenda karatasi yake italetwa wiki hii.