Tusiilaumu Mashine Kabla ya Kuisoma

Vijana wengi wa miji yetu siku hizi hawanunui kompyuta nzima. Hununua vipande: bodi kuu duka hili, prosesa duka lile, vijiti vya ramu kwa rafiki, diski kwa muuza mitumba, kisha huviunga wenyewe nyumbani kwa bisibisi moja. Ni jambo la kusifiwa, kwani mwenye kukiunga kitu hukijua. Lakini mtihani hauko katika kuunga. Mtihani huja pale anapotaka kuweka mfumo endeshi, nao ukakataa kuingia. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, na mimi nasema hazipotei kwa ubovu wa vifaa. Zapotea kwa kukosa taratibu, na kwa kukosa lugha.

Tuanze na taratibu. Mwalimu wa chuo cha Kurani hamruhusu mtoto aunge neno kabla hajazijua herufi na irabu zake. Mashine nayo ina hijai yake. Swali la kwanza ni hili: je, bodi imeamka? Feni zikizunguka na skrini ikabaki giza, mfumo endeshi hauna lawama, maana hatujaufikia. Utazamwe waya wa umeme wa prosesa, ambao kwa kawaida ni wa pini 8, mbali na ule mkubwa wa pini 24. Huo mdogo ndio usahauliwao. Itazamwe pia kama waya wa skrini umechomekwa kwenye bodi, hali prosesa yenyewe ni ya aina isiyotoa picha.

Swali la pili: je, bodi inaiona diski? Jibu limo katika ukurasa wa mipangilio, ule uitwao BIOS au UEFI. Diski isipoonekana hapo, tatizo liko kwenye waya, tundu, mpangilio wa bodi au diski yenyewe. Ikionekana hapo lakini programu ya kuweka mfumo isiione, hiyo ni habari nyingine kabisa. Huenda programu imekosa kipande cha kuitambua njia ya diski, kama itokeavyo katika bodi kadhaa za Intel zilizowashwa kipengele cha VMD. Diski ni nzima, wala haifai kurudishwa dukani kwa ugomvi.

Swali la tatu: kazi hukwama wapi? Ikikwama pahali pale pale kila mara, aghalabu faili iliyopakuliwa au flashi iliyotumiwa ndiyo yenye kasoro. Ikikwama leo hapa na kesho pale, washukiwe ramu, joto au umeme. Vijiti vya ramu vijaribiwe kimoja kimoja. Na kanuni kubwa kuliko zote ni kugeuza kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Mwenye kugeuza vitano pamoja, hata mashine ikipona, hajui alichokiponya.

Sasa nije kwenye lugha, ambako ndiko kwenye kidonda. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wanajaribu kuweka Windows 11, iliyotoka mwaka 2021. Skrini huwajibu kwa Kiingereza kwamba kompyuta hii haiwezi kuendesha mfumo huo. Kijana huyachukua maneno hayo kama hukumu, akaenda kununua bodi mpya. Kumbe mara nyingi sharti lililokosekana ni kile kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, nacho kimo ndani ya bodi ile ile, ila kimezimwa katika ukurasa wa mipangilio! Iwapo prosesa haimo katika orodha iliyokubaliwa, hilo ni jingine. Lakini lazima ijulikane kwanza ni sharti lipi lililokosekana.

Au huambiwa kwamba diski yake ni ya mtindo wa MBR, na mfumo wataka GPT. Mtindo wa kwanza ni wa kale, na kwa diski za kawaida hauvuki kiasi cha terabaiti 2. Dawa anayoiona haraka ni kuifuta diski yote, na asiyeelewa swali hubonyeza kukubali. Picha za arusi na barua za marehemu baba zikaenda kwa kubonyeza mara moja.

Wapo watakaonena kuwa mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili. Nawauliza: jahazi lilisemekaje? Mabaharia wetu walikuwa na jina la kila ubao na kila kamba, tangu mkuku hadi foromali. Nanga tuliitoa kwa Waajemi, bendera kwa Wareno, na hakuna aliyeona haya. Ramu, diski na prosesa zitaingia kwa mlango huo huo. Mwaka 2004, kutokana na kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huo huo ilitoka Ubuntu, mfumo endeshi wa bure uliochukua neno la ndugu zetu wa kusini, ambalo kwetu ni utu.

Kutafsiri vitufe ni kuzuri, lakini hakutoshi. Mtu hahitaji lugha yake sana wakati mambo yanapokwenda sawa, huihitaji yanapokwama. Basi vyuo vyetu vya ufundi, magazeti yetu, na mafundi wenyewe, waandike kwa Kiswahili fasaha: dalili hii, sababu hii, jaribio hili. Ujuzi ulio kichwani mwa fundi mmoja hufa naye, ulioandikwa hurithiwa.

Nami nautoa mchango wangu kwa kipimo changu:

Fundi pupa huumiza, tulia kwanza usome,
Maneno yakikujuza, papo ndipo uyapime,
Kimoja ukigeuza, vingine na visimame,
Kizima sije kuuza, hasara ikuandame.